Beringi Hazikuwa na Kosa

Mashine ya kusaga ilipofunguliwa kwa mara ya tatu, wateja hawakwenda zao. Walikaa juu ya magunia yao ya mahindi wakatazama, maana kumtazama fundi akiumbuka ni sinema ya bure. Fundi alitandaza turubai sakafuni, akapanga vitu kimoja kimoja: mkanda, puli, nyundo za kusagia, na beringi mbili alizokuwa amezifunga mwenyewe mwezi uliopita. Alizipangusa grisi, akazitia kidole na kuzizungusha. Zilizunguka kimyakimya, zikasimama zenyewe.

“Beringi hazina kosa,” alisema.

“Mke wangu amezisikia,” alijibu mwenye mashine.

Huyu mwenye mashine mtaa mzima ulimwita Kidole, kwa sababu ya tabia yake ya kusahau kidole juu ya mizani wakati wa kupima unga. Alikuwa akiitika na kucheka pamoja na wanaomwita hivyo, na hapo umeshamjua alivyo. Mkewe walimwita Mama Mashine, na jina hilo lilikuwa la heshima. Alikuwa amesimama kando ya ile mashine miaka mingi kiasi kwamba jiwe dogo likiingia kwenye mahindi alilisikia kabla halijafika chini. Mkanda ukianza kulegea, yeye ndiye aliyeusikia kwanza. Akisema zima, wanazima.

Sasa kwa wiki kadhaa alikuwa akisema kitu kimoja. Mashine ikizimwa, mota inasimama, mkanda unasimama, lakini kuna kitu bado kinazunguka kwa mbali. Fuu, fuu, fuu. Beringi inakufa, alisema, na beringi ikifa inaondoka na mtu.

“Mzee, weka sikio hapa usikie mwenyewe,” fundi alimwambia kaka yake Kidole. Alikuwa ameirudisha beringi moja mahali pake, anaizungusha kwa mkono, ameigusisha ncha ya bisibisi, mpini ameuelekeza kwa yule mzee, kama mafundi wanavyosikiliza ugonjwa wa chuma.

Kaka huyo walimwita Mkurugenzi. Hakuwahi kuongoza kitu chochote duniani isipokuwa mashine hii, ambayo baba yao aliwaachia wote wawili na yeye akajipa sauti yote. Aliangalia mpini wenye grisi, akaangalia shati lake jeupe, hakuinama.

“Mimi nisikilize chuma?” alisema. “Umetuuzia beringi bandia. Sanduku lako la vifaa linabaki hapa mpaka ulete beringi za kweli.”

“Mzee, sanduku hilo ndiyo kazi yangu.”

“Ndiyo maana linabaki.”

Fundi alinyoosha mkono kulichukua. Wapakuzi wawili wa magunia wakamsukuma, akaangukia rundo la pumba, na watu waliokaa kwenye magunia wakacheka. Akainuka na pumba kwenye nywele, kwenye kope, mdomoni. Hakumwangalia Mkurugenzi wala wapakuzi. Alimwangalia Mama Mashine.

“Mama, wewe unajua nilivyofunga.”

“Najua ninachosikia,” alisema Mama Mashine.

Fundi alitema pumba, akaenda zake mikono mitupu.

Siku chache baadaye Mama Mashine alikuwa juu ya ngazi, anamimina mahindi kwenye mdomo wa mashine, umeme ukakatika. Mashine ikafifia, ikanyamaza. Mtaa mzima ukanyamaza. Ile sauti haikunyamaza. Ilikuwa inakwenda mbio, na yeye mwenyewe alikuwa anahema kwa uzito wa debe.

Akatulia palepale juu ya ngazi. Pumzi ikashuka, na sauti ikapungua kasi. Akashuka, akapanda tena haraka; sauti nayo ikapanda. Akabonyeza kwa kidole nyuma ya sikio la kushoto, ikafifia. Akaachia, ikarudi. Alikaa kwenye kipago cha ngazi, akamkumbuka fundi na pumba zake, na akajisikia vibaya kama mtu aliyeiba.

Jioni alimwambia mumewe. Chumba chao kilikuwa nyuma ya mashine, ukuta mmoja tu katikati, na kwa muda mrefu alikuwa akimwamsha Kidole aende kuangalia kama mashine imezimwa. Kidole alikuwa akirudi amenuna. Imezimwa, imepoa, lala.

“Siyo mashine,” alisema Mama Mashine. “Iko kwangu. Inakwenda na moyo wangu. Hebu weka sikio lako hapa.”

Kidole alilaza kichwa, sikio lake likagusa nyuma ya sikio la mkewe. Akakaa hivyo kwa muda.

Sasa tuseme wazi, maana hakuna haja ya kumficha mtu huyu. Aliisikia. Ilikuwa ndogo lakini haikuwa na shaka hata kidogo: fuu, fuu, fuu, kama pampu ya baiskeli nyuma ya mlango. Nywele zilimsimama mikononi. Na kabla hajamwonea mkewe huruma, kabla hajaogopa hata ugonjwa wenyewe, alifikiria sanduku. Asubuhi ileile alikuwa ameliuza sanduku la fundi, na fedha yake ilikuwa tayari imegeuka viatu vyeusi vyenye ncha, vilivyofichwa chini ya kitanda walichokalia. Akikubali kwamba sauti iko kichwani mwa mkewe, fundi hana kosa. Fundi akiwa hana kosa, atataka sanduku lake. Na Mkurugenzi atauliza nani alimruhusu kuliuza.

“Sisikii kitu,” alisema Kidole. “Uzee huo, mke wangu. Lala.”

Kwenye zahanati tabibu alitazama ndani ya sikio kwa tochi, akasema ni nta, akampa dawa ya matone. Mama Mashine alijaribu kumweleza kwamba akibonyeza hapa inapotea. Tabibu alicheka, si kwa ubaya, kwa uchovu tu. “Basi uwe unabonyeza, mama,” alisema, na akamwita anayefuata.

Kichwa kilianza kuuma upande uleule. Kisha jicho la kushoto likawa jekundu. Haukuwa wekundu wa vumbi la unga, ambao wote waliuzoea. Mishipa ilijikunja kwenye weupe wake, na baada ya muda jicho lenyewe lilianza kusogea mbele, likakosa kufunga vizuri. Alianza kuona magunia mawili palipo na moja. Zahanati ileile ilisema ni ugonjwa wa macho unaoambukiza, asichangie taulo na mtu. Neno hilo likafika mtaani kabla yake.

Mkurugenzi alikuja, akasimama mlangoni na kitambaa puani, kama kwamba jicho linanuka.

“Shemeji, usinielewe vibaya,” alisema. “Watu wanaleta mahindi hapa kwa ajili ya kula. Hawawezi kula huku wanakumbuka hilo jicho.”

“Siambukizi mtu.”

“Najua. Lakini wao hawajui, na sina muda wa kumfundisha kila mmoja. Ukae nyuma kidogo.”

Nyuma kidogo ilikuwa ni pembe ya kuwekea magunia matupu. Wapakuzi walitundika pazia la magunia yaliyofumuliwa, akawekewa kigoda. Akaambiwa kazi yake ni kusikiliza tu, akisikia jambo apige ukuta. Kidole ndiye aliyepigilia misumari. Mkewe alimpa nyundo, akingoja aseme neno lolote, hata moja baya. Kidole alikuwa na misumari mdomoni, na alipoimaliza misumari bado hakuwa na la kusema.

Wateja walipouliza Mama Mashine yuko wapi, Kidole alizungusha kidole karibu na kichwa chake mwenyewe.

“Yupo. Siku hizi anasikia vitu.”

“Vitu gani?”

“Mashine. Anasema anayo kichwani.”

“Basi mlaze karibu na mahindi, asage usiku,” alisema mmoja, na wakacheka hadi mwingine akajishika mbavu. Kidole alicheka nao. Nyuma ya pazia mkewe alisikia kila neno, kwa sababu kazi yake ilikuwa ni kusikiliza.

Binti yao alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda chake mtaa wa pili. Alikuja kuleta nguo, akamkuta mama yake ameegemea ukuta nyuma ya magunia, ute unatoka jichoni, inzi wanazunguka. Hakumsalimia mtu. Alilivuta pazia, misumari ikang’oka na plasta yake.

“Nani amemweka mama yangu hapa?”

“Baba yako mkubwa,” Kidole alisema haraka.

“Na wewe ulikuwa wapi?”

Kidole alijifanya anasoma mizani. Binti alimvika mama yake kitambaa, akamwambia, “Mama, tunaenda hospitali kubwa. Zahanati basi.” Kidole alifuata kwa sababu wateja walikuwa wanatazama. Mkurugenzi alifuata baada ya kuambiwa, kwa sababu hakutaka lolote liamuliwe bila yeye.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kavu. Alimuuliza Mama Mashine maswali, na la kushangaza ni kwamba alingoja majibu. Sauti inakwenda na moyo? Ukibonyeza inapungua? Ilianza kabla ya jicho? Kisha akachukua kile kipimo cha kusikilizia moyo, lakini hakukiweka kifuani. Alikiweka nyuma ya sikio la kushoto, akafunga macho, akasikiliza. Akakihamishia juu ya kope lililovimba, taratibu sana.

“Ipo,” alisema. “Sauti ipo, mama. Naisikia kama unavyoisikia wewe.”

Mama Mashine alilia. Hakulia kwa kelele. Machozi yalitoka tu, na kwenye jicho bovu yaliuma. Daktari alimpa binti naye asikilize. Binti alisikiliza, akaganda, akamshika mama yake bega.

“Baba naye asikie,” alisema daktari. “Mara nyingi nyumbani hawaamini.”

Kidole alivaa vile vipira masikioni, akainama juu ya kichwa cha mkewe. Alitaka kuonekana ameshtuka na ana huruma, vyote kwa pamoja. Akatikisa kichwa.

“Lo. Leo imekuwa kubwa zaidi.”

Mama Mashine aligeuza shingo, jicho moja zima na jingine jekundu, yote mawili kwake.

“Kuliko lini?” aliuliza.

“Nini?”

“Umesema leo imekuwa kubwa zaidi. Kuliko lini?”

Kidole alivua vile vipira, akavirudisha kwa daktari bila kumwangalia. Alisema ni maneno tu. Alisema ulimi umeteleza. Hakuna aliyemsaidia.

Walipigwa picha za kichwa, wakasubiri, wakaitwa tena. Daktari aliwaeleza polepole, akimwangalia mgonjwa, siyo wanaume.

“Damu inatoka moyoni kwa nguvu. Kabla ya kurudi inapita kwenye vimishipa vyembamba kuliko nywele, na humo ndimo inapopungua kasi. Kwako, kwenye utando unaofunika ubongo, mshipa unaoleta damu umejiunga moja kwa moja na mshipa unaoirudisha. Hakuna cha kuipunguza. Ndiyo ile fuu unayosikia. Jicho limejaa kwa sababu damu inayotakiwa kutoka haina njia, inarudi nyuma.”

“Inaweza kupasuka?” aliuliza Mama Mashine.

“Inaweza. Na kwenye picha tunaona inarudi mpaka kwenye mishipa ya ubongo wenyewe, kwa hiyo hii siyo ya kungoja. Tutapitisha mrija mwembamba kwenye kinena, tuupandishe ndani ya mishipa mpaka kichwani, tupazibe pale kwa gundi maalumu. Hatupasui fuvu. Sitakudanganya, hatari ipo, wachache wanapata kiharusi. Lakini kuiacha ni hatari zaidi.”

Mkurugenzi alikohoa, akakaa vizuri.

“Gundi,” alisema. “Ya kuweka kwenye kichwa cha mtu, kama soli. Daktari, tunashukuru. Tutaenda nyumbani tukae kama familia, tulijadili.”

“Mgonjwa ndiye anayeamua.”

“Huyu ni mke wa mdogo wangu. Akirudi hajitambui, nani atamlisha? Wewe?” Akamgeukia Kidole. “Au unasemaje?”

Kila mtu alimwangalia Kidole. Yalikuwa yanatakiwa maneno mawili tu kutoka kwake. Alijifuta jasho juu ya mdomo.

“Tumsikilize kaka,” alisema.

Mama Mashine aliinuka, akaomba kuzungumza na mumewe nje. Kwenye korido palikuwa na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu na ya choo ambacho dawa ilikuwa imekishindwa. Walisimama kando ya benchi lililojaa watu, na watu wa benchi walinyamaza ili wasikie vizuri.

“Uliisikia siku ile nilipokwambia uweke sikio,” alisema. Halikuwa swali.

“Sikuwa na uhakika.”

“Uliisikia.”

“Kidogo.”

“Kwa nini ulininyima?”

Kidole aliangalia viatu vyake. Alikuwa amevivaa, kwa ajili ya hospitali. Akamwambia habari ya sanduku, kwa sauti ya chini, sentensi zikiwa zimekatika. Kwamba alikuwa ameshaliuza. Kwamba fundi angelidai. Kwamba kaka angekasirika. Alieleza kama mtu anayeeleza mvua ilivyomkuta njiani, na alipomaliza alionekana amepata nafuu, hata akajaribu kumshika mkono.

Mama Mashine aliviangalia viatu vile. Alikuwa ametegemea kukuta kitu kikubwa. Mwanamke mwingine, deni la kutisha, woga wa kifo. Angeweza kukichukia kitu kikubwa na kubaki na heshima yake. Lakini kichwa chake kilikuwa kimeachwa kijae damu miezi yote hiyo kwa ajili ya ngozi ya bandia iliyoanza tayari kukunjamana kwenye vidole.

Akaurudisha mkono wake. Akaingia ndani, akampita Mkurugenzi, akamwambia daktari, “Niandikeni. Nabaki leo. Binti yangu ndiye ndugu yangu hapa.”

“Shemeji, usikurupuke,” alisema Mkurugenzi.

“Shemeji,” alisema Mama Mashine, “uliniweka nyuma ya magunia nisikilize. Nimeshasikiliza vya kutosha.”

Alipozinduka hakufumbua macho mara moja. Alisubiri. Alisubiri fuu ya kwanza, kama mtu anayesubiri mlango ugongwe. Haikuja. Akapumua kwa nguvu makusudi, akashika pumzi, akaachia. Haikuja. Badala yake alisikia gurudumu bovu la kitanda kinachosukumwa, mgonjwa wa jirani akitafuna, na bomba la wodini likidondosha maji kwenye beseni.

“Mama, unaumwa?” binti yake aliuliza, maana alimwona analia tena.

“Hapana. Nasikiliza bomba.”

Paja liliuma pale mrija ulipopita, na kichwa kilikuwa kizito. Jicho litachukua muda, daktari alisema, lakini litarudi mahali pake. Picha ya mwisho ilionyesha pameziba. Nesi aliyekuwa akimpima alicheka alipomwona anavyogeuza shingo kufuata kila kijisauti.

Saa ya kuona wagonjwa Kidole aliingia na wateja wawili wa pale mashineni, mmoja wao yule aliyesema alazwe karibu na mahindi. Walileta matunda kwenye mfuko. Kidole alikuwa ameshapata hadithi yake njiani, ilionekana kwa jinsi alivyotembea. Alisalimia wodi nzima.

“Mimi ndiye niliyemwambia daktari,” aliwaeleza wateja, wagonjwa wa jirani wakisikia. “Nilivaa kile kipimo, nikamwambia leo imekuwa kubwa, hii siyo ya kuchezea. Mwanamume lazima asimame na mkewe.”

Wateja walitikisa vichwa kwa heshima. Kidole alinogewa. Akainama juu ya kitanda, akalaza sikio lake nyuma ya sikio la mkewe, mbele ya wote, mkono mmoja ameunyanyua watu wanyamaze.

“Kimya kabisa,” alitangaza. “Imeondoka.”

Mama Mashine sasa aliweza kusikia vizuri. Alisikia mate yakipita kwenye koo la mumewe, pumzi ikipuliza puani, na shavu lisilonyolewa likikwaruza ngozi yake.

“Umesikia kimya?” alimuuliza.

“Nimesikia, mke wangu.”

“Vizuri. Kesho wateja wakijaa, mwite fundi. Simama pale walipomwangusha, useme beringi hazikuwa na kosa, na kwamba wewe ulijua.”

Kidole alicheka kidogo, akawaangalia wateja kama wamesikia, akashusha sauti.

“Fundi nitamwonea njia taratibu. Kwani lazima watu wajue? Umeshapona. Yamekwisha.”

Mama Mashine alishika pembe ya shuka. Akajifuta sikio. Akajifuta nyuma ya sikio, na shingo, na shavu pale lilipoguswa, bila haraka, kama mtu aliyelambwa na mbwa asiyemjua. Alipomaliza alikikunja kile kipande cha shuka upande uliotumika ndani, akamwambia binti yake amwombe nesi jingine. Kisha akawageukia wale wateja wawili.

“Nyinyi mlikuwepo,” aliwaambia. “Mlikaa kwenye magunia, mkacheka, na mimi nikaongezea kosa langu juu. Fundi hakumdanganya mtu. Beringi zilikuwa nzima. Sauti ilikuwa kichwani mwangu, na huyu aliisikia wiki ileile, akanyamaza kwa sababu alikuwa ameliuza sanduku la mtu akanunua viatu alivyovaa. Mtaani mtafika kabla yake. Mkamwambie fundi. Mkamwambie kila anayeleta mahindi.”

Wateja walitazama viatu, haikuwezekana wasivitazame. Mmoja aliweka mfuko wa matunda juu ya kabati, wakaaga kwa adabu, wakaondoka kwa mwendo wa watu wenye habari. Yule jirani aliacha kutafuna.

Kidole alibaki amesimama katikati ya vitanda, uso umemshuka, mikono haijui pa kukaa.

“Sasa mimi nitarudi vipi mtaani?” aliuliza.

“Kwa miguu,” alisema Mama Mashine, akageukia ukutani alale.